Tangi la Fikra, Kanda na Ndiva: Uhakiki wa Istilahi za Washauri wa Maendeleo

Watafsiri wetu wanahangaika na jina la chombo kimoja ambacho hakikuwa na mahali katika orodha za istilahi za miaka ya mwanzo ya Baraza. Chombo chenyewe ni kundi la wasomi waliokusanywa nje ya wizara, na aghalabu nje ya chuo kikuu pia, ili wachunguze mambo ya uchumi na jamii, waandike ripoti, na waishauri serikali bila ya kuwa watumishi wake. Waingereza na Wamarekani hukiita kwa maneno mawili ambayo, yakigeuzwa neno kwa neno, hutupa "tangi la fikra". Mwenye kuona haya kuandika tangi huandika "kisima cha fikra". Mwenye haraka huandika "jopo la wataalamu". Na asiyetaka kujitia mashakani huandika "taasisi" tu, akamwachia msomaji kazi ya kubahatisha ni taasisi ya nini.

Katika makala haya twakusudia kuyapima majina hayo, na pamoja nayo maneno mengine machache yanayofuatana na ripoti za washauri hao kila zinaposhuka kutoka Dar es Salaam hadi mikoani. Mizani yetu itakuwa Upare wa Kusini, na hasa kata kama Mhezi katika Wilaya ya Same. Twaichagua si kwa sababu Mhezi ina jambo la ajabu lisilo kwingineko. Twaichagua kwa sababu milima ya Upare imechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu, na kwa sababu jambo walilolichunguza zaidi, yaani maji, ni jambo ambalo wenyeji wana msamiati wao kamili kuhusu kazi yake. Istilahi ikishindwa huko, haina haki ya kusifiwa mjini.

Tuanze na tangi. Jina la Kiingereza lilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, na asili yake ni chumba cha faragha ambamo maofisa wa jeshi walipanga mikakati. Shirika la RAND la Marekani, ambalo mwaka 1948 lilitengwa likawa shirika linalojitegemea lisilotafuta faida, ndilo lililolifanya jina hilo lijulikane, ingawa vyombo vya namna hiyo vilikuwako kabla: Taasisi ya Brookings huko Washington tangu mwaka 1916, na Chatham House ya London tangu mwaka 1920. Basi katika lugha yenyewe iliyolizaa, jina hili ni la utani wa askari. Kulibeba kama lilivyo na kuliweka katika waraka wa serikali ni kubeba utani bila ya kicheko chake. Fikra katika Kiswahili hazihifadhiwi tangini. Mtu huwa na fikra, hutoa fikra, hubadilishana fikra na mwenzake. Kitu kilichomo tangini kimetulia na kimefungiwa, na kina mwenye ufunguo.

Kwa Mpare tangi lina ubaya mwingine. Milimani wenyeji wana mabwawa madogo waliyoyajenga wenyewe, yaitwayo ndiva, ambayo hukusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi ili maji yateremke mashambani kwa mifereji. Ndiva ya Manoo huko Bangalala imetajwa katika maandishi mengi ya wataalamu. Ndiva husifiwa kwa maji yanayotoka. Ndugu mmoja, katika mazungumzo ya mzaha, alipendekeza tuseme "ndiva ya fikra". Pendekezo hilo ni tamu lakini hatulikubali, kwa kuwa istilahi haitungwi kama kitendawili. Na tena kwa kuwa, kama tutakavyoona, ripoti nyingi zilizoandikwa juu ya ndiva hazijafunguliwa upande wa chini.

"Jopo" ni neno zuri, lakini lina kazi yake tayari. Jopo huteuliwa kwa shauri moja, hukaa, hutoa uamuzi au mapendekezo, kisha hutawanyika. Ofisi yenye bodi, wafanyakazi, maktaba na bajeti ya kila mwaka haiwezi kuwa jopo. Mtafsiri anayeviita vyote viwili jopo humnyima msomaji habari ya msingi, yaani kwamba washauri hawa hawataondoka baada ya ripoti moja.

Nchini mwetu vyombo hivi vina historia iliyo wazi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam palianzishwa Idara ya Utafiti wa Uchumi mwaka 1965, na mwaka 1967 ikafuata ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi chake BRALUP, ambayo mwaka 1983 ilipandishwa ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Hizo zilikuwa ndani ya chuo, na chuo kilikuwa cha serikali. Mwaka 1994 zikazaliwa ESRF na REPOA, moja ikishughulikia uchumi na jamii kwa jumla, nyingine ikianza na utafiti wa kupunguza umaskini; na hizi hujiita huru.

Neno "huru" lataka tulitazame kwa makini, maana katika nchi hii si kivumishi chepesi. Limebeba mwaka 1961. Taasisi inayojiita huru huonekana mara moja kuwa na heshima, na msomaji huacha kuuliza: huru kutoka kwa nani? Kuna aliye huru kwa uteuzi, yaani mkurugenzi wake hateuliwi na waziri. Kuna aliye huru kwa fedha. Kuna aliye huru kwa maswali, yaani huchagua mwenyewe la kuchunguza. Na huyu wa mwisho ni adimu, kwa sababu taasisi nyingi za namna hii huishi kwa fedha za wafadhili wa nje na kazi za kuagizwa, na mwenye kuagiza kazi ndiye mwenye kuagiza swali. Kuna pia uhuru wa kutangaza ulichokiona. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018 ili kuwa kosa kutangaza takwimu zenye kukanusha, kupotosha au kuzitia shaka takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na katazo hilo likaondolewa. Katika kipindi hicho kifupi maana ya "taasisi huru" ilipungua na kuongezeka bila ya kamusi yoyote kuguswa. Kwa hiyo twashauri mtafsiri asiandike "huru" peke yake pale ambapo waraka wa asili unaeleza aina ya uhuru. Aandike "isiyo ya kiserikali", au "inayojitegemea kwa fedha", au "isiyofungamana na chama". Uvivu wa kivumishi kimoja hapa ni hasara kwa raia.

Upande wa pili wa jina ni kile wanachokishauri. Wakubwa wa leo husema "sera", nasi twalisifu neno hili. Msomaji mwenye umri atakumbuka kwamba katika miaka ya 1960 na 1970 kazi hiyo ilifanywa na "siasa". Tamko la mwaka 1967 lilihusu Azimio la Arusha na siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea. Na tamko la Iringa la mwaka 1972 likasema siasa ni kilimo. Siasa ilikuwa shabaha ya nchi na pia ushindani wa watu, vyote kwa neno moja. Kutenganishwa kwa sera na siasa kumerahisisha tafsiri, lakini kumeleta udanganyifu fulani: kwamba sera ni jambo la wataalamu na siasa ni jambo la wengine. Anayepanga maji ya mto mmoja kati ya kijiji cha juu na kijiji cha chini anafanya siasa, hata akiwa na shahada tatu.

Sasa tuje kwenye neno lenye madhara makubwa zaidi katika mada hii, nalo ni "maendeleo ya kikanda". Kiingereza kina neno moja kwa mkoa, kwa kanda, na kwa kundi la nchi jirani. Kiswahili, kwa bahati njema, kina maneno tofauti. Mkoa una mipaka ya kisheria, mkuu wake na bajeti yake. Kanda ni mkusanyiko wa mikoa, kama Kanda ya Ziwa, na mara nyingi haina mamlaka yake yenyewe. Nchi jirani zilizojiunga, kama Jumuiya ya Afrika Mashariki, nazo huitwa kanda siku hizi. Mtafsiri asiyeuliza ni ipi inayokusudiwa huandika "kikanda" kila mahali, na mwalimu wa Mhezi anayesoma kuwa taasisi fulani inashughulikia maendeleo ya kikanda hawezi kujua kama inazungumziwa Kilimanjaro, kaskazini yote, au soko la kutoka Juba hadi Mtwara.

Kosa hili halikuwako katika miaka ya 1970. Wakati ule kila mkoa ulitakiwa kuwa na mpango wake wa maendeleo, na mikoa ikagawanywa kwa wafadhili: Tanga ikawa ya Wajerumani wa Magharibi, Mtwara na Lindi zikawa za Wafini, na Kilimanjaro ikawa ya Wajapani kupitia shirika lao la JICA. Mpango wa Kilimanjaro uliandaliwa katika nusu ya pili ya miaka hiyo, na matunda yake yakaonekana tambarare: mashamba ya mpunga ya Moshi ya chini, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, wilayani Same. Tuwe waadilifu: mpunga wa Ndungu ni jambo la kuonekana kwa macho. Lakini mpango wa mkoa ulikata mambo kwa mpaka wa mkoa, ilhali maji hayajui mpaka huo. Bonde la Mto Pangani lapita Kilimanjaro, Arusha, Manyara na Tanga, na ncha yake ipo Kenya. Ofisi ya Maji ya Bonde ilipoanzishwa mwaka 1991, Kiswahili kilikuwa na neno tayari, "bonde", nalo ni bora kuliko mkoa na kuliko kanda kwa jambo la maji. Twasikitika kuona ripoti ambazo bado zinaliacha neno hili na kukimbilia kanda.

Katika historia hiyohiyo kuna mfano wa tafsiri iliyokuwa ya kweli kuliko asili yake. Mwaka 1972 serikali ilibadili muundo wa utawala kwa kufuata, pamoja na mambo mengine, ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zikafutwa, na maofisa wa wizara wakapelekwa mikoani na wilayani. Kwa Kiingereza jambo hilo liliitwa kwa neno lenye maana ya kuondoa mambo katikati. Kwa Kiswahili likaitwa "Madaraka Mikoani". Ndugu msomaji, jina la Kiswahili halikumdanganya mtu. Lilisema madaraka yanakwenda mikoani, na huko ndiko yalikofika, hayakufika kijijini. Halmashauri zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na mwaka 1998 ukaja waraka wa kuboresha Serikali za Mitaa pamoja na msemo "kupeleka madaraka kwa wananchi". Neno la kuangaliwa hapo ni kitenzi. Anayepeleka ana mamlaka ya kuacha kupeleka. "Ugatuaji", neno linalopendwa sasa, ni fupi na lanyambulika vizuri, nasi twalikubali kama istilahi. Ila lina kasoro ya kutosema madaraka yametua wapi. Twapendekeza lisiachwe pweke: ugatuaji hadi mkoa, hadi halmashauri, hadi kijiji.

Twastahili pia kusema kwamba kampuni ya ushauri inayolipwa kwa kazi moja si sawa na taasisi ya utafiti. Mwaka 1972 aliyeshauri alikuwa kampuni. Ripoti nyingi za leo huandikwa na taasisi lakini kwa mkataba wa kampuni, na jina pekee halitatutofautishia.

Maneno yanayomgusa mwananchi mwenyewe ni matatu, na yote yamtia katika hali ya kutendwa. La kwanza ni "walengwa". Kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Mlengwa ni yule ambaye mshale unamwendea, na hatujasikia kuwa huulizwa kwanza. Neno limeshaenea kiasi kwamba kulipiga marufuku itakuwa kazi bure, lakini "wanufaika" lipo, na pale ambapo manufaa bado hayajathibitika "wahusika" latosha.

La pili ni "wadau". Asili yake ni dau, yaani fedha au kitu ambacho mchezaji huweka wakati wa kupinga. Neno limefuata picha ya Kiingereza kwa ustadi, tena kwa mzizi wetu wenyewe, na kwa ustadi huo mtungaji wake astahili pongezi. Ubaya wake ni usawa wa bandia. Katika mkutano wa wadau wa maji hukaa mfadhili, ofisa wa bonde, mtafiti, mwenye shamba la mkonge na mkulima wa ndiva, wote wakiitwa wadau. Mfadhili ameweka dau, na akishindwa ataenda kuliweka pengine. Mkulima hakuweka dau lolote. Shamba na zamu ya maji alirithi, na akipoteza hana pa kwenda.

La tatu ni "ushirikishwaji", nalo ndilo lenye mafunzo makubwa kwa mwalimu wa sarufi. Mzizi ni shiriki. Ukiutia kiambishi cha kufanyisha wapata shirikisha, na ukiutia cha kutendwa wapata shirikishwa. Anayeshirikishwa ameingizwa na mwingine katika jambo la mwingine. Upareni kuna msaragambo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, kusafisha mifereji na kujenga shule. Hatutaki kuupamba: msaragambo una faini zake kwa asiyefika, na serikali mbalimbali zimeutumia kwa mambo yao. Hata hivyo hakuna anayesema "nilishirikishwa msaragambo". Husema alikwenda, au hakwenda. Ripoti inayoeleza kuwa wananchi "walishirikishwa" katika kusafisha ndiva ambayo babu zao waliichimba imekosea tendo na imekosea mtenda. Aandike "walisafisha".

Kwamba Wapare hawapokei jina kwa kuwa tu limepambwa kienyeji, historia imeshuhudia. Katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza uliongeza kodi ya viwango juu ya kodi ya kawaida, nayo ikajulikana kwa jina la Kipare, mbiru. Jina la nyumbani halikuifanya kodi iwe ya nyumbani. Mwaka 1945 watu waliteremka kwa maelfu hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakiikataa, na mwishowe kodi ikafutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 1971. Wataalamu wa istilahi wangefaa kukisoma pia, maana twasisitiza kila siku kuchukua maneno ya lugha zetu, na mbiru yatufundisha kwamba neno la kienyeji laweza kutumiwa kufunika jambo la kigeni.

Sasa maji yenyewe. Sheria ya mwaka 1974 ilimpa mtumiaji "haki ya maji" aliyoiandikisha kwa ofisa. Katika miaka ya 1990 ada zikaanza kutozwa kwa haki hizo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, iliondoa neno haki mahali hapo, ikaweka "kibali cha kutumia maji", huku ikizitambua pia haki za mila. Kwa mwanasheria tofauti hiyo ni wazi: haki unayo, kibali unapewa, na mwenye kukupa aweza kukufutia. Lakini katika mazungumzo na hata katika maandishi ya washauri, maneno haya mawili hubadilishana mahali kama kwamba ni visawe. Chukua mfano wa kubuni: kikundi cha wakulima wa Mhezi kinaambiwa na karatasi moja kuwa "haki yenu ya maji itasajiliwa", na karatasi nyingine kuwa "mnatakiwa kuomba kibali". Ikiwa haki ya mila ndiyo inayosajiliwa, hawaombi, wanathibitisha. Wakiomba, wamekiri kuwa hawakuwa nayo. Neno moja hapo lina thamani ya kijito kizima, na aliyelichagua ni mtafsiri, pengine usiku, pengine kwa malipo ya kurasa.

Kwa nini karatasi hizo hukosea? Kwa sababu zimetafsiriwa mwishoni, zikiwa muhtasari wa kurasa chache, baada ya fikra zote kufanywa kwa lugha nyingine. Bonde dogo la Makanya, kuanzia Vudee juu, kupitia Bangalala, hadi Makanya yenyewe tambarare, lilichunguzwa katika miaka ya 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Uholanzi, Sweden na Afrika Kusini. Kazi ilikuwa ya kina: walipima mito, wakasikiliza mapatano ya zamu kati ya wa juu na wa chini, wakaandika tasnifu za uzamivu. Tasnifu hizo ni za Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba neno ndiva linaeleweka leo kwa mtaalamu wa maji aliyeko Delft, ilhali kwa msomaji wa Kiswahili wa Mbeya au Pemba bado ni geni. Mpango wa umwagiliaji wa jadi ulioanzishwa mwaka 1988 kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV ulifanya vizuri zaidi katika jambo hili, kwa kuwa ulikuwa na kazi ya mikono pamoja na wakulima, na fundi hawezi kufanya kazi kwa muhtasari.

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Taasisi inayotaka kuishauri serikali juu ya Same haina tena kisingizio kwamba lugha ya uamuzi ni nyingine. Twapendekeza kwamba kila ripoti iliyolipiwa ili kushauri halmashauri ya wilaya ije na faharasa ya istilahi zake kwa Kiswahili, iliyotengenezwa kabla ya utafiti kuanza, pamoja na watu watakaoulizwa maswali. Gharama yake ni ndogo kuliko ya chakula cha mchana cha mkutano mmoja wa wadau.

Kuhusu jina la chombo, maoni yetu ni haya. "Taasisi ya utafiti wa sera" itumike kwa chombo cha kudumu kinachofanya utafiti na kutoa ushauri. "Jopo la ushauri" libaki kwa kundi la muda. "Kampuni ya ushauri" itumike kwa anayelipwa kwa kazi moja, hata kama wafanyakazi wake ni maprofesa. "Asasi" iachiwe mashirika ya kiraia yasiyofanya utafiti kama kazi yake kuu, ingawa twajua kwamba asasi na taasisi zina mzizi mmoja wa Kiarabu na kwamba tofauti hii ni ya makubaliano tu. "Tangi la fikra" na "kisima cha fikra" zisisanifiwe.

Kuhusu ndiva, Baraza limekuwa na utaratibu wa kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu za hapa nchini, kabla ya kwenda ng'ambo. Kwa njia hiyo tulipata "kitivo", ambalo kwa Wasambaa na Wapare ni bonde lenye rutuba, na leo hakuna mwanafunzi wa chuo kikuu asiyelijua. Maneno "bwawa dogo la umwagiliaji la jadi" ni maelezo wala si istilahi. Tena "bwawa" humfanya msomaji afikirie Mtera. Twaomba ndiva isanifiwe kwa maana yake halisi ya kiufundi, katika ngeli ya i-/zi-, bila kiambishi cha wingi: ndiva hii imejaa, ndiva hizi zimejaa. Kitenzi kinachofuatana nayo ni kufungulia.